Kiapo cha Mtani

Nimechoka kuulizwa kama mume wangu alikuwa amelewa. Nimeulizwa kituoni, nimeulizwa kwenye ofisi ya bima, nimeulizwa hata na mwanamke mmoja tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri kuitwa, ambaye shida yake yeye ilikuwa gari lake kukwaruzwa mlango. Wote niliwajibu kwa heshima. Leo najibu bila heshima: mume wangu hakujua pombe ina ladha gani. Alikuwa mtu wa maziwa. Alikulia kwenye maziwa, akanitongoza kwa maziwa, na siku anakufa alikuwa amefunga madumu ya maziwa nyuma ya pikipiki yake.

Alikuwa Msukuma. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa yeye akiwa bado hajaanza shule, wakazunguka wanakojua wenyewe, mwisho wakatua Gwata, huku kwetu Pwani. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Kwa asiyejua, Wasukuma na Wazaramo ni watani, na utani wa makabila si mzaha wa kupita njia. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wageni, akaingia bandani akabeba kuku wako, akakusema mpaka ukoo mzima, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu. Na siku ya msiba wako mtani ndiye mwenye kazi. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea na kusema, analala mbele ya jeneza mpaka apewe chochote ndipo lipite. Msiba usio na mtani watu huusema vibaya wakirudi makwao.

Mtani wa mume wangu alikuwa kaka yangu, mkubwa wangu kwa kuzaliwa, mkulima wa mihogo na mananasi upande wa Maneromango. Wale watu wawili walipendana kwa matusi. Siku mume wangu alipokuja kujitambulisha kwetu, kaka alimuuliza kama amekuja kuoa au amepotelewa na ng'ombe. Mume wangu akamjibu kwamba amekuja kuwachukua watumwa wake, ila ataanza na huyu wa kike, yule wa kiume ni mvivu, atamfuata mwakani. Basi, ikawa ndiyo lugha yao kuanzia siku hiyo. Kwenye simu walitukanana kwanza, salamu baadaye. Mama mkwe wangu naye hakuwa nyuma. Alikuwa na maneno aliyoyaweka akiba kwa ajili ya kaka tu, na kaka alikuwa hamwachi.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kukusanya maziwa Gwata kabla jua halijachomoza na kuyaleta Kibaha, kwenye kibanda changu hapa Maili Moja, ninapouza maziwa ya moto na mgando. Asubuhi ile maziwa hayakufika. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, ikapokelewa na sauti ya mtu mwingine, kijana wa bodaboda, akaniita mama na kuniuliza niko na nani hapo nilipo. Mtu akishakuuliza uko na nani, hana haja ya kuendelea.

Ilikuwa njia panda ya Zegereni. Lori lililobeba mzigo wa kiwandani lilikuwa linatoka upande wa Dar, likakata kona kuingia njia ya viwanda bila kuwasha indiketa, likamfungia njia mume wangu aliyekuwa anakuja kwenye upande wake. Hivyo ndivyo alivyosema yule kijana wa bodaboda, aliyekuwa kijiweni akisubiri abiria, na hajabadilisha hata neno moja tangu siku hiyo. Dereva wa lori alisema vingine. Alisema pikipiki ilikuwa inayumba, ikahama upande wake, na aliyekuwa akiiendesha alionekana kama amelewa.

Hapo ndipo uungwana wa watu wetu ulipoanza kutugharimu. Vijana wa kijiwe walipomwona mwenzao amelala barabarani hawakungoja mtu. Walimfunika kwa khanga waliyoomba kwa mama muuza chai, wakasimamisha gari, na yule aliyeona kila kitu ndiye aliyempakata njia nzima mpaka hospitali. Waliobaki wakaisogeza pikipiki pembeni isije ikagongwa tena, wakachota mchanga na kuumwaga juu ya damu na maziwa, kwa sababu damu ya mtu haiachwi ikakanyagwa na matairi. Ningekuwepo ningewasaidia kuchota. Lakini askari wa usalama barabarani alipofika kuchora ramani ya ajali, alikuta lami imejaa mchanga, pikipiki iko mahali ambapo haikuangukia, na mtu mmoja tu aliyeiona ajali wa kumwonyesha nani alikuwa wapi. Mtu huyo alikuwa dereva wa lori. Askari akachora alichoonyeshwa. Simlaumu sana, angechora nini kingine?

Hospitali walituuliza kama tunataka mwili ufanyiwe uchunguzi na damu ipimwe. Mume wangu alisilimu aliponioa, na sisi maiti hacheleweshwi. Tukasema hatutaki, tukatia saini, tukaondoka naye. Hakuna aliyewaza habari ya ushahidi. Ushahidi ni neno nililojifunza baadaye, kama mtu anavyojifunza jina la ugonjwa akiwa tayari anaumwa.

Tulimzika kesho yake, Gwata, kwenye eneo la wazazi wake.

Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake, mkekani, ubavuni kwa mama mkwe. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka. Jeneza lilikuwa uani, wanaume wanajiandaa kulibeba. Ndipo nikasikia pikipiki inakuja, na moyo ukanipasuka, maana kwa sekunde ile nilidhani ni yeye. Haikuwa pikipiki. Ulikuwa mdomo wa kaka yangu. Alitokea mlangoni kwa wanawake amevaa koti la mvua la mume wangu na helmeti yake, mkononi ana dumu tupu. Akaliinua, akapiga funda la hewa, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono vilevile alivyokuwa akijifuta marehemu, halafu akatangaza:

"Mnamwona Msukuma huyu? Pombe kaikimbia maisha yake yote, kumbe ana ulevi wake. Kalewa maziwa."

Akaanza kuyumba. Akayumba mpaka kwenye mitungi ya maji, akayumba mpaka kwa wapishi, mdomo unanguruma, helmeti imemwangukia usoni.

"Haya sasa, kalewa. Huyu hajui kuendesha pikipiki, anajua kuswaga ng'ombe. Lori linakuja, yeye kaliona fahali, anataka kulishika pembe. Msimlilie. Kalifuata mwenyewe huyu, kajiua mwenyewe, mtumwa wangu, kaondoka bila kuniaga."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alianza kwa kuguna, kama mtu aliyepaliwa, kisha akaegemea bega langu na mwili wake wote ukawa unatikisika. Nami nikacheka. Nilicheka machozi yakiendelea kutoka, nikashika mbavu, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya asubuhi niliona naweza kumeza maji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na kaka aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona.

Mtu alikuwa anarekodi. Ni nani, sikuwahi kumjua, na siku hizi sina hamu ya kumjua. Kipande kile kilirushwa kwenye magrupu ya simu kwa sababu kilichekesha, kikatoka Gwata kikafika Mlandizi, kikatoka Mlandizi kikafika kwa watu wa lori. Lakini kilianzia katikati. Maziwa hayamo. Kinaanza kaka anayumba na dumu mkononi, anasema "Haya sasa, kalewa," na kinaishia kwenye "kajiua mwenyewe." Nyuma yake, mlangoni, tunaonekana mjane na mama wa marehemu tunacheka.

Sikuyajua hayo wakati nakaa eda. Nilipotoka edani nilianza kutembea. Sitaeleza kila nilikotembea, maana nitachoka upya. Kikao cha ukoo kiandike muhtasari wa kuniteua msimamizi wa mirathi, muhtasari uende Mahakama ya Mwanzo, mahakama ibandike tangazo, tangazo likae siku zake. Cheti cha kifo kiliandikwa jina likakosewa herufi, nikarudi. Ripoti ya polisi ilikuwa kwa afande aliyekuwa safarini, nikarudi. Kila ofisi niliyoingia walikuwa watu wazuri walionipa kiti. Nimekalia viti vingi mno. Watu walidhani natafuta hela, na hela niliitaka, nina watoto wanaosoma na kibanda kilichokosa mleta maziwa. Ila kilichokuwa kinaniamsha usiku ni kitu kingine. Nilitaka karatasi yenye muhuri iseme kwamba kosa lilikuwa la lori. Watoto wangu ni wadogo, wataulizwa baba yenu alikufaje, na sikutaka jibu lao liwe lile la dereva.

Afisa madai wa bima ya lori alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani aliyokuwa akiivua kila akitaka kusema jambo gumu. Siku hiyo aliivua mapema. Akanisogezea simu yake.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikamtazama kaka yangu akiyumba kwenye kioo kidogo vile. "Ni kaka yangu."

"Ndugu wa karibu, basi. Na huyu nyuma ni wewe."

"Ni mimi. Ule ni utani, baba. Sisi Wazaramo, wale Wasukuma."

"Najua ni utani. Mimi Mpare, nina Wachaga wangu nyumbani, wananitukana kila Desemba." Akairudisha simu mfukoni. "Lakini faili hili silimalizi mimi. Linakwenda kwa watu wanaosoma maneno tu. Unaye shahidi mmoja anayesema lori lilikata kona. Dereva anasema marehemu alikuwa amelewa. Damu haikupimwa. Ramani imekaa upande wa dereva. Halafu wanakuja wanaiona hii, shemeji mtu anasema kalewa, kajiua mwenyewe, na familia inacheka. Ungekuwa wewe ungeandikaje?"

Nilimwambia tu kwamba kabla ya pale kaka alisema kalewa maziwa. Afisa akanitazama kwa huruma niliyoichukia, akasema maziwa hayamo.

Njia aliyonipa ilionekana rahisi. Kaka aje aape mbele ya mwanasheria, kiapo cha maandishi, kwamba hakuwepo kwenye ajali na kwamba maneno aliyosema msibani hayakuwa ya kweli. Kiapo kikiingia kwenye faili, ile klipu inakosa nguvu. Nilitoka pale karibu nicheke. Nikasema moyoni, kumbe ni jambo la saini tu.

Kwenda kwa kaka kutoka Mlandizi ni barabara ya vumbi, na usafiri wa haraka ni bodaboda. Tangu msiba sijazoea. Napanda, nafumba macho, namwambia dereva apunguze mwendo hata kama anakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nilimkuta kaka anapakia mihogo kwenye viroba. Nikamweleza yote palepale, nimesimama.

"Niape," alisema.

"Uape kwamba ulikuwa utani."

"Kwamba ulikuwa utani naapa hata sasa hivi, niletee msahafu. Lakini hujasema hivyo. Umesema niape kwamba ni uongo."

"Si ndiyo hiyohiyo, kaka."

"Siyo, mdogo wangu." Akakaa juu ya kiroba. Sijawahi kumwona akitafuta maneno, yeye ambaye maneno humtafuta. "Mtani hasemi kweli, hasemi uongo. Anafanya kazi yake. Nikienda kwa mwanasheria nikaapa kwamba nilimwongopea maiti mbele ya jeneza lake, basi siku ile nilikuwa namtukana kweli. Halafu Gwata nitarudi na mdomo gani? Yule mama nikimtania, atajiuliza, na hili kesho ataliapia? Utani ukishaapiwa umekwisha."

"Basi uishe."

"Unasema hivyo kwa sababu umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Shemeji yako ameandikwa mlevi kwenye faili la watu. Wewe umekaa hapa unalinda utani."

"Anayemjua anamjua."

"Asiyemjua ndiye anayeandika," nilimwambia, nikaondoka bila kunywa maji aliyonipa.

Nilirudi tena, na tena. Mara ya pili alitaka kuuza sehemu ya shamba anipe hela hiyo niachane na bima. Nilimjibu vibaya. Mara nyingine alijificha, nikakaa uani kwake mpaka wifi yangu akaona aibu akaenda kumtoa shambani. Nilikuwa na hasira naye ambayo sikuwa nayo hata kwa dereva wa lori. Dereva sikumjua. Huyu nilimjua tangu ananibeba mgongoni, na alikuwa ananinyima neno moja.

Nilimweleza mama mkwe. Yeye ni mzee asiyejua kusoma, na karatasi zote anaziona sawa, ya dawa, ya kura, ya mahakama. Aliniuliza kiapo kitasema nini. Nikamwambia kitasema kwamba mwanawe hakuwa mlevi. Akasema hilo ni jambo zuri, kwa nini mtumwa wake anakataa? Nikamwambia kaka anaogopa utani utakufa. Akacheka kidogo.

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Mwambie mimi nimemruhusu."

Nilimpelekea kaka ruhusa hiyo. Akaendelea kufunga viroba vyake. Lakini asubuhi moja ya wiki ile, nikiwa nakoroga mgando kibandani, nilimwona amesimama upande wa pili wa barabara, kavaa kanzu na kofia kama mtu anayekwenda kuswali Idi. Hakuvuka mpaka nilipomwita.

Mwanasheria alikuwa binti mdogo, ofisi yake iko karibu na mahakama, chumba kimoja chenye feni. Akachapa, akatusomea. Mimi, Muislamu, mtu mzima na mkazi wa Kisarawe, naapa na kutamka kama ifuatavyo. Kwamba marehemu alikuwa shemeji yangu. Kwamba sikuwepo kwenye eneo la ajali. Kwamba maneno niliyoyatamka msibani hayakuwa ya kweli. Kwamba kwa ufahamu wangu marehemu hakuwahi kutumia kilevi cha aina yoyote.

"Kuna la kuongeza?" binti akauliza, kwa desturi tu, huku mkono ukienda kwenye muhuri.

"Ongeza kwamba alikuwa mtu mzuri," kaka alisema.

Binti akamweleza kwamba hilo halina ulazima, bima hawaliulizi. Kaka akasema yeye anaapa mara moja tu maishani, acha aape na hilo. Basi akachapa mstari mwingine: Kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri. Niliuona ukitoka kwenye mashine, na nikakumbuka kwamba katika miaka yao yote pamoja sikuwahi kumsikia kaka akimsema mume wangu kwa wema hata mara moja. Hakuwa na haja. Akatia saini taratibu, herufi moja moja, akakabidhi kalamu, akatoka nje. Nilipomfuata alikuwa ameshavuka barabara kwenda kutafuta gari, na hakugeuka.

Ilipita miezi. Yule kijana wa bodaboda aliitwa tena, akasema yaleyale. Mwisho barua ikaja. Afisa madai alinisomea mwenyewe ingawa najua kusoma, na nilimwacha asome. Ilisema chanzo cha ajali ni lori kukata kona bila kutoa ishara, na kwamba hakuna ushahidi kuwa marehemu alikuwa amelewa. Walilipa. Haikuwa kama watu wa mtaani wanavyodhani, lakini walilipa. Niliomba nakala ya barua, nikaibandika nailoni isichakae, nikasubiri nione furaha. Nilichohisi ni usingizi. Nililala mchana ule kibanda kimefungwa, na hiyo ndiyo sherehe niliyofanya.

Mama mkwe ndiye aliyesema twende tukamshukuru kaka. Alisema hawezi kwenda mikono mitupu kwa mtani, akakamua mwenyewe, akajaza dumu, akalifunga kwa khanga yake mpya. Mlandizi tulikodi gari dogo kwa ajili ya miguu yake inayomsumbua. Njiani kila nikimtazama namkuta anatabasamu peke yake kama mtoto mwenye siri. Nilijua anapanga maneno. Ni muda mrefu hawajaonana, tangu arobaini, na alikuwa na deni la matusi.

Kaka alikuwa uani. Mama mkwe hakungoja hata kukaribishwa. Akasimama katikati ya uwanja na dumu lake, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Mtumwa wangu, nimekuletea maziwa. Unywe kidogo kidogo, haya yanalewesha, yamemuua mwanangu."

Sijui mama gani mwingine duniani angeweza kuyasema maneno hayo. Alikuwa ameyachukua maneno ya msibani, yaliyotuhangaisha kote kule, akayasafisha, akamrudishia mwenyewe. Wifi yangu akaziba mdomo kwa kicheko. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kucheka.

Kaka aliweka jembe chini. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaja, akainama mbele yake, akalipokea dumu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

Sikuwahi kumsikia akimwamkia. Mtani haamkiwi. Mama mkwe akabaki anamtazama, uso bado una tabasamu, anangoja. Alidhani ni mwanzo wa mzaha. Hata mimi nilidhani hivyo. Kaka alibaki ameinama.

"Nakwambia yanalewesha," mama mkwe alisema tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Asante sana, mama. Mwenyezi Mungu akuzidishie. Poleni na safari, karibuni ndani."

Mama mkwe akasogeza mguu mmoja, akaurudisha.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Tulikaa ndani. Tulikula mihogo ya nazi, tukasema habari za mvua, bei ya mananasi, watoto na shule zao. Kaka alimuuliza mama mkwe hali ya miguu, akamtajia dawa ya kuchua. Akanipa hongera ya barua. Hakuna aliyemkosea mwenzake neno. Wakati wa kuondoka alitusindikiza mpaka kwenye gari, akambebea mama mkwe mkoba wake, akamfungulia mlango, akamwambia afike salama. Mzee yule alimshukuru na kumwombea dua, kama unavyomwombea dua mtoto wa watu.

Gari lilipoingia barabara kubwa ya vumbi, alifungua ile khanga iliyokuwa imefunga dumu, akajifunika uso. Nilidhani anakinga vumbi. Halafu nikasikia. Siku ya mazishi hakulia hivi. Siku ya mazishi alikuwepo mtu wa kumchekesha. Nilimshika mkono, nikakosa la kumwambia, kwa sababu barua ilikuwa kwenye mkoba wangu na kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli.

Dereva alinitazama kwenye kioo mara kadhaa. Tulipokaribia Mlandizi akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunatoka kuzika.

Nikamwambia ndiyo.